Ubuyu Katika Soko la Vyakula vya Afya: Bei Iko Kwenye Gunia au Kwenye Cheti?

GUNIA la ubuyu linalotoka Dodoma au Kilifi lina njia mbili za kufika kwa mlaji. Njia ya kwanza inajulikana na kila mtu. Gunia linanunuliwa na dalali, linafikishwa mjini, na ubuyu unapakwa sukari, rangi na pilipili ukauzwa katika vifuko vidogo mashuleni na vituoni, au unakorogwa kuwa juisi. Njia ya pili ni ndefu na wengi hawaijui. Katika njia hii ubuyu unatengwa na mbegu, unachekechwa, unapimwa maabara na kusafirishwa nchi za nje kama kiambato cha vyakula vya afya.

Mti ni ule ule na tunda ni lile lile. Hata hivyo masoko haya mawili hayanunui kitu kimoja. Soko la kwanza linanunua ladha. Soko la pili linanunua uhakika. Mfanyabiashara anayeingia soko la pili akiwa na fikra za soko la kwanza hupoteza mtaji, na mara nyingi huwalaumu wanunuzi kwa kosa lililofanyika katika ghala lake mwenyewe. Somo la wiki hii linaeleza mwenendo wa soko hilo la pili, kwa kutumia ubuyu kama mfano.

SOKO LENYEWE NI LIPI?

Vyakula vya afya vinavyozungumziwa hapa si dawa. Ni vyakula vya kawaida, kama vile mkate, maziwa ya mgando, juisi au biskuti, ambavyo vimeongezwa kiambato chenye manufaa fulani kwa mwili. Japani ndiyo iliyotangulia kuviwekea utaratibu wa serikali. Mwaka 1991 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kuvipa vyakula vya namna hii kibali maalumu na alama yake kwenye pakiti, baada ya mtengenezaji kuonyesha ushahidi.

Mwaka 1995 kampuni ya Raisio ya Ufini iliingiza sokoni majarini iitwayo Benecol, yenye stanoli za mimea zinazosaidia kupunguza lehemu katika damu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1997, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu vyakula vya shayiri aina ya oti kuandikwa kuwa vinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, mradi vitimize masharti ya kiasi cha nyuzinyuzi zake.

Katika mifano yote mitatu, mazao yenyewe hayakuwa mageni. Oti zililiwa kwa karne nyingi, na huko Ulaya farasi walilishwa oti kuliko watu. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipima, akathibitisha, na mamlaka ikakubali maneno fulani yaandikwe kwenye pakiti. Kuanzia hapo zao la kawaida likawa kiambato.

NINI KINATAFUTWA?

Kwa miaka mingi wanunuzi walikimbilia vitamini. Leo vitamini nyingi zinatengenezwa viwandani kwa bei ndogo, na muuzaji wa mazao ya asili hawezi kushindana nazo kwa bei peke yake. Mahitaji yamehamia kwenye makundi mengine, na matatu yanafaa kutajwa.

Kundi la kwanza ni nyuzinyuzi. Walaji wa nchi tajiri hula vyakula vilivyokobolewa mno, na watengenezaji wanatafuta njia ya kurudisha nyuzinyuzi bila kuharibu ladha. Inulini, inayotolewa katika mizizi ya chikori, imejenga viwanda vikubwa Ubelgiji na Uholanzi. Gamu arabika, ambayo Sudan ndiyo muuzaji wake mkuu duniani, ilikubaliwa na FDA mwaka 2021 kuhesabiwa kama nyuzinyuzi za lishe. Hapo awali ilinunuliwa zaidi kwa kazi ya kushikamanisha vinywaji na peremende.

Kundi la pili ni protini. Mfano wake ni maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Zamani yalimwagwa au kupewa nguruwe. Leo hukaushwa na kuuzwa kama unga wa protini kwa wanamichezo na wazee, na kwa baadhi ya viwanda mapato yake si ya kupuuzwa hata kidogo.

Kundi la tatu ni viambato vyenye jina la asili ambalo mlaji analielewa. Mtengenezaji anapenda kuandika kwenye pakiti jina la tunda kuliko jina la kemikali.

Ubuyu unaingia katika kundi la kwanza na la tatu kwa pamoja. Una nyuzinyuzi nyingi, zikiwemo za pektini ambayo huupa mchanganyiko uzito. Una uchachu wake wa asili, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kupunguza asidi ya kuongeza. Tena una sifa moja adimu: hukaukia ndani ya buyu, mtini. Embe au nanasi linahitaji mashine na nishati ya kulikausha. Ubuyu unahitaji kupasuliwa, kutengwa, kusagwa na kuchekechwa tu.

MLANGO ULIOFUNGULIWA 2008

Hadi mwaka 2008 ubuyu haukuruhusiwa kuuzwa kama kiambato cha chakula katika Jumuiya ya Ulaya. Sheria ya huko inasema kuwa chakula ambacho hakikuwa kikiliwa kwa wingi katika nchi hizo kabla ya tarehe 15 Mei 1997 ni chakula kipya, na lazima kipate kibali kwanza. Kwamba babu na bibi wa Mgogo, Mkamba na Mgiriama walikula ubuyu maisha yao yote halikuwa jambo la kutosha.

Shirika la PhytoTrade Africa, lililounganisha wazalishaji wa mazao ya asili kusini mwa Afrika, liliwasilisha maombi pamoja na maelezo ya usalama wa ubuyu. Kibali kilitolewa tarehe 27 Juni 2008. Mwaka 2009 FDA ya Marekani nayo ilieleza kuwa haina swali juu ya maelezo ya shirika hilo kuhusu matumizi ya unga wa ubuyu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 10 katika vinywaji vya matunda na asilimia 15 katika vipande vya nafaka na matunda.

Tangu Januari 2018 Ulaya inatumia orodha moja ya vyakula vipya vilivyokubaliwa. Muuzaji yeyote anayetimiza masharti yaliyoandikwa katika orodha hiyo anaweza kuuza, bila kuomba upya. Aidha sheria hiyo mpya iliweka njia fupi kwa vyakula vya jadi vya nchi za nje, mradi ithibitishwe kuwa vimeliwa kwa usalama kwa angalau miaka 25. Fonio, nafaka ndogo ya Afrika Magharibi, ilipita kwa njia hiyo mwaka 2018.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki maana yake ni kwamba gharama kubwa ya kufungua mlango wa ubuyu imekwisha kulipwa na wengine. Kilichobaki ni kutimiza masharti, na hapo ndipo wengi wanapoanguka.

MNUNUZI HUPIMA NINI?

Masharti ya Ulaya yanaeleza unga wa ubuyu kwa tarakimu. Unyevu uwe kati ya asilimia 4.5 na 13.7. Vitu visivyo ubuyu, kama vipande vya ganda, mchanga au vijiti, visizidi asilimia 0.2. Kwa lugha ya ghalani, asilimia 0.2 ni gramu mbili katika kilo moja, yaani kilo mbili tu katika tani nzima. Ubuyu uliopasuliwa chini kwenye udongo hauwezi kufaulu kipimo hicho.

Juu ya hayo mnunuzi huongeza masharti yake: wadudu waletao maradhi kama salmonela, ukungu na sumukuvu, mabaki ya viuatilifu, pamoja na metali nzito kama risasi. Hudai pia kujua mabuyu yalitoka kijiji gani, yalikusanywa lini na yalipita mikononi mwa nani.

Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni usawa. Kiwanda kinachotengeneza vinywaji kimepanga mashine na kuchapisha pakiti kwa kutegemea unga wenye rangi, uchachu na ulaini uleule. Shehena ya Machi ikiwa nyeupe na ya Juni ikiwa ya hudhurungi, kiwanda kinapata hasara. Kwa hiyo mnunuzi anakubali kulipa zaidi kwa unga wa wastani usiobadilika kuliko unga bora sana unaopatikana mara moja. Mfanyabiashara aliyezoea kusifia shehena yake nzuri ya mwaka jana ajue kuwa sifa hiyo haina bei.

HESABU YA GUNIA

Ili kuona namna gharama zinavyokwenda, ichukuliwe hesabu ifuatayo. Tarakimu zake ni za kufundishia tu, si bei za soko la wiki hii.

Kikundi cha wakusanyaji kina tani moja ya ubuyu wenye mbegu, ulionunuliwa kwa sh. 500 kilo. Jumla ni sh. 500,000. Kazi na usafiri ni sh. 250,000. Mifuko na ghala ni sh. 100,000. Vipimo vya maabara ni sh. 400,000. Gharama yote ni sh. 1,250,000. Katika tani hiyo kinapata kilo 300 za unga safi. Kila kilo imegharimu takriban sh. 4,170. Mnunuzi akitoa sh. 4,000 kwa kilo, kikundi kinapokea sh. 1,200,000. Kimefanya kila kitu sawasawa na bado kimepata hasara ya sh. 50,000.

Sasa vikundi vitano viunganishe mzigo na kuwa shehena moja ya tani tano. Ubuyu ni sh. 2,500,000, kazi na usafiri sh. 1,250,000, mifuko na ghala sh. 500,000. Vipimo vinabaki sh. 400,000, kwa kuwa shehena ni moja. Jumla ni sh. 4,650,000 kwa kilo 1,500 za unga, yaani sh. 3,100 kwa kilo. Kwa bei ile ile ya sh. 4,000 mapato ni sh. 6,000,000, na faida ni sh. 1,350,000.

Tofauti haikuletwa na ubora wa ubuyu wala ujanja wa kupatana bei. Imeletwa na gharama moja isiyopanda kwa kadiri ya uzito, nayo ni cheti.

Lakini muungano una hatari yake. Shehena ikikataliwa kwa sababu ya mchanga wa kikundi kimoja, tani zote tano zinaanguka pamoja. Zikiuzwa mjini kwa sh. 2,500 kilo, mapato ni sh. 3,750,000 na hasara ni sh. 900,000, ambayo ni theluthi mbili ya faida ya shehena nzuri. Ndiyo maana vikundi vinavyofanikiwa hukagua gunia moja moja mlangoni kabla ya kuchanganya, na gunia baya hurudishwa kwa mwenyewe hata kama ni jamaa ya mwenyekiti.

Mbegu nazo zisisahaulike. Ikiwa tani moja ya ubuyu inaacha kilo 600 za mbegu, na mkamuaji wa mafuta ya vipodozi akazinunua kwa sh. 200 kilo, hizo ni sh. 120,000. Kikundi kile cha kwanza kilichopata hasara ya sh. 50,000 kinageuka kuwa na faida ya sh. 70,000. Hata hivyo tahadhari moja inahitajika. Kibali cha Ulaya ni cha unga wa tunda pekee. Mafuta ya mbegu yana asidi za mafuta za saiklopropenoidi, ambazo zimetiliwa shaka kwa afya ya mlaji, na soko lake kuu ni la ngozi na nywele. Asiyatangaze mtu kuwa ni ya kunywa.

MANENO YA KWENYE LEBO

Wafanyabiashara wengi huamini kuwa sifa nyingi kwenye lebo huleta bei nzuri. Katika soko hili ni kinyume. Ulaya ina sheria ya mwaka 2006 inayosimamia madai ya lishe na afya. Ili chakula kiandikwe kuwa ni chanzo cha nyuzinyuzi lazima kiwe na angalau gramu 3 katika gramu 100, na ili kiandikwe kuwa kina nyuzinyuzi nyingi, gramu 6. Kwa vitamini C, mtengenezaji akitimiza kiwango anaweza kuandika kuwa inachangia utendaji wa kawaida wa kinga ya mwili. Dai hilo ni la vitamini C. Ubuyu wenyewe, kama ubuyu, hauna dai la afya katika orodha ya madai yaliyoidhinishwa.

Hapa kuna mtego. Vitamini C hupungua kadiri unga unavyokaa katika joto, mwanga na unyevu. Kipimo cha siku ya kusaga si kipimo cha siku ya kuuza. Muuzaji anayeandika tarakimu ya juu aliyoiona katika kitabu, badala ya ile iliyopimwa katika shehena yake, anamtia mnunuzi katika kosa la kisheria. Mnunuzi huyo hatarudi. Na yule anayeandika kuwa ubuyu wake unatibu kisukari au shinikizo la damu, anaondoka kabisa katika soko la chakula na kuingia mikononi mwa wasimamizi wa dawa.

MAFUNZO YA WALIOTANGULIA

Soko hili lina mitindo, na mitindo hupita. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa mwaka wa kwinoa, nafaka ya milima ya Andes. Bei ilipanda sana. Wakulima wengi wa Peru, hata wa pwani, walipanda. Mwaka 2015 bei ilianguka vibaya, na walioumia zaidi ni wakulima wadogo wa milimani waliokuwa wameacha mazao mengine.

Mlonge una hatari hiyo hiyo, maana hukua haraka na unaweza kupandwa karibu kila nchi ya joto. India peke yake huzalisha kwa wingi mno. Isitoshe, majani yake huokotwa, huoshwa na kukaushwa, na kila hatua ni nafasi ya uchafu. Mwaka 2025 mlipuko wa salmonela nchini Marekani ulihusishwa na unga wa majani ya mlonge. Tukio kama hilo huwafanya wanunuzi waongeze vipimo kwa wauzaji wote, hata wasiohusika.

Japani, iliyoanzisha utaratibu wa vyakula hivi, nayo ilipata pigo mwaka 2024. Vidonge vya mchele mwekundu wa kuchachusha vya kampuni ya Kobayashi Pharmaceutical viliondolewa sokoni baada ya watumiaji kupata madhara ya figo. Uchunguzi uligundua sumu iitwayo asidi ya puberuliki, itokanayo na ukungu. Serikali ilikaza masharti mwaka huo huo. Ukungu huo haukuanzia katika fomula ya bidhaa. Ulianzia kiwandani, penye unyevu. Mwenye ghala la ubuyu lenye bati linalovuja asome habari hiyo mara mbili.

MTI WENYEWE

Ubuyu una kinga moja dhidi ya mtindo wa kwinoa. Haiwezekani kuupanda leo na kujaza soko mwakani. Mbuyu uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa, ingawa miche ya kubebesha hupunguza muda huo. Kwa hiyo ugavi wa leo unategemea mibuyu iliyopandwa na ndege, nyani na mababu.

Kinga hiyo ndiyo udhaifu wake pia. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya kaunti ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili kupelekwa Georgia kupamba bustani. Mwezi Novemba mwaka huo Rais William Ruto wa Kenya aliagiza suala hilo lichunguzwe. Wenye mashamba waliouza mibuyu hawakuwa wajinga wa hesabu. Kwao mbuyu ulikuwa unachukua nafasi ya mahindi, na matunda yake hayakuwa na mnunuzi wa uhakika. Mti usio na bei ya kila mwaka huuzwa kwa bei ya siku moja. Mfanyabiashara anayetegemea ubuyu, na anayemlipa mkusanyaji bei ya kumkatisha tamaa, anapunguza mwenyewe malighafi ya miaka ijayo.

MAMBO YA KUZINGATIA

Anayetaka kuingia katika biashara hii afuate mpangilio huu.

1. Atafute mnunuzi na kupata masharti yake kwa maandishi kabla ya kukusanya hata gunia moja.

2. Apeleke sampuli ndogo maabara kwanza, iliyochotwa katika magunia mengi na si gunia zuri peke yake. Sampuli ya kuchagua humdanganya mwenye mali kabla ya kumdanganya mnunuzi.

3. Apasue mabuyu juu ya turubai au meza, kamwe si juu ya ardhi, na ayatupe yaliyotoboka au yenye harufu ya uvundo.

4. Aandike daftari la kila gunia: kijiji, tarehe, mkusanyaji na uzito. Daftari hilo ni sehemu ya bidhaa.

5. Aungane na wenzake ili kugawana gharama ya vipimo, kwa mkataba unaoeleza nani anabeba hasara shehena ikikataliwa.

6. Asiliache soko la nyumbani. Juisi na ubuyu wa sukari hununua mwaka mzima, hulipa taslimu, na hupokea mzigo ambao soko la nje limeukataa kwa rangi tu. Mzigo uliokataliwa kwa ukungu au salmonela haupaswi kuuzwa popote.

Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Biashara ya ubuyu wa kiambato nayo huanza na shehena moja ndogo iliyopimwa, ikafaulu, ikafuatwa na ya pili inayofanana nayo. Ni shehena ya pili ambayo mnunuzi huitazama kwa makini, na ndiyo inayompa muuzaji nafasi ya kuzungumzia bei.